Kona ya Mtoto: Tupambe Nyumba kwa Mikono Yetu

"Ninyi mnazungumza habari za chumba cha watoto. Mimi nina chumba kimoja, mume, watoto watatu na jiko. Hayo mapambo nitayaning'iniza wapi, shingoni?"

Ndivyo alivyotuambia mama mmoja, Jumatano moja alasiri, tulipokuwa tumeketi mkekani nyuma ya jengo la usharika wetu mjini Morogoro tukifundishana kushona. Sote tulicheka, na yeye pia alicheka. Lakini baadaye, alipokuwa akikunja kitambaa chake, alitueleza kwa sauti ya chini kwamba tangu ahamie katika chumba kile hajawahi kumkaribisha mtu ndani. Wageni huwapokea barazani, akawatolea kigoda, huku pazia la mlango ameliteremsha. Na mtoto wake wa kwanza, aliyekuwa darasa la pili, alikwisha anza kufanya vivyo hivyo kwa rafiki zake.

Neno hilo lilituchoma. Mtoto wa miaka minane alikuwa amejifunza kuionea haya nyumba yao, na hakuna aliyemfundisha kwa maneno.

Kundi letu ni la akina mama wa kawaida. Wako walimu, wauza mboga, mafundi cherehani, na baadhi yetu ni wauguzi. Katika makala haya tunawaletea wasomaji kazi tano za mikono ambazo tumezifanya wenyewe, katika nyumba zetu na za jirani zetu. Hazihitaji fedha nyingi. Zahitaji doti ya kanga, vipande vya vitenge ambavyo mafundi huvifagia jioni, shuka kuukuu, uzi, sindano na kamba ya katani. Wala hazihitaji chumba kizima. Kona moja yatosha.

Jambo moja tunaomba mlizingatie tangu mwanzo. Kabla ya kujiuliza kama pambo linapendeza, sisi hujiuliza kwanza: je, mtoto atakuwa salama nalo? Swali hilo hatukulijua tulipoanza. Tulifundishwa na kifungo cha koti.

Kifungo kilichotufundisha

Mwaka 2011 tuliamua kushona wanasesere wa nguo kwa ajili ya watoto wadogo wa usharika. Tulishona 24, tukawajaza sufi, tukawavika magauni ya vitenge. Walipendeza mno. Macho yao tuliyafanya kwa vifungo vyeusi vinavyong'aa, vilivyokatwa katika makoti ya mtumba. Siku ya Krismasi tuliwagawa, na furaha ya watoto ilitutosha kama mshahara.

Wiki ya tatu baadaye, mtoto wa miezi 14 aling'oa jicho la mwanasesere wake kwa meno, na kile kifungo kikamkaba. Mama yake alisema hakusikia kilio. Aligeuka tu kutoka kwenye sufuria na kumkuta mtoto ametoa macho, midomo imeanza kubadilika rangi, wala hakuna sauti. Kwa rehema za Mungu muuguzi mmoja wetu alikuwa nyumba ya pili. Alimlaza mtoto kifudifudi juu ya paja, kichwa kikiwa chini, akampiga kwa kiganja katikati ya mabega. Pigo la nne, kifungo kikaanguka sakafuni. Mtoto yule leo ni kijana mkubwa.

Siku iliyofuata tulianza kupita nyumba kwa nyumba kuwakusanya wale wanasesere. Tuliwapata 22. Tulikaa Jumatano nzima tukiwang'oa macho na kuwatarizi mengine kwa uzi. Wawili walikuwa wamekwisha pelekwa vijijini kwa bibi zao. Tulituma ujumbe kwa makondakta wa mabasi. Mmoja tulipata jibu lake. Wa pili hatukupata habari zake hata leo, na tukimkumbuka hatutulii.

Kifungo kile tumekihifadhi katika kopo letu la sindano. Kila mama mpya anayejiunga nasi huonyeshwa kabla hajapewa mkasi. Kutokana nacho tulijiwekea masharti matatu:

Kwanza, kipimo cha kibomba. Chukueni kile kibomba cha karatasi ngumu kinachobaki karatasi ya chooni inapokwisha. Upana wake ni kama sentimita 4. Kitu chochote kinachoweza kupita ndani yake si cha mtoto aliye chini ya miaka 3: kifungo, ushanga, kizibo, kokwa, kipande cha sponji. Betri ndogo za duara, kama zile za vichezeo vinavyoimba, ni hatari zaidi kuliko vyote. Ikimezwa, betri hiyo yaweza kuunguza koo la chakula kwa muda wa saa 2 tu. Anayeshukiwa kuimeza apelekwe hospitali mara moja.

Pili, kamba. Mahali mtoto anapolala au kuchezea pasiwe na kamba, utepe au uzi unaoning'inia kwa urefu unaozidi sentimita 20. Kamba ndefu huweza kuzunguka shingo.

Tatu, moto. Kitambaa chochote kikae angalau mita moja mbali na jiko, mshumaa au kibatari, hata upepo ukivuma.

Mtoto akikabwa

Kwa kuwa tumeligusa jambo hili, tulimalizie. Mtoto akiwa bado anakohoa kwa nguvu, mwacheni akohoe, mkimwangalia. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, msingoje.

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja mlazeni kifudifudi juu ya mkono au paja, kichwa kikiwa chini ya kifua, mkimshika taya. Mpigeni mara 5 kati ya mabega kwa kiganja. Kisha mgeuzeni chali, mbonyezeni kifuani mara 5 kwa vidole viwili, chini kidogo ya mstari wa chuchu. Rudieni kwa zamu mpaka kitu kitoke.

Aliyezidi mwaka mmoja ainamishwe mbele, apigwe mara 5 kati ya mabega. Kisha simameni au pigeni magoti nyuma yake, mzungusheni mikono, ngumi moja juu ya kitovu, na kuvuta kwa nguvu kuelekea ndani na juu mara 5. Rudieni. Mtu mwingine atafute usafiri wakati huohuo. Msitie kidole kooni kutafuta kitu msichokiona, maana huweza kukisukuma ndani zaidi. Na hata kitu kikitoka, aliyebonyezwa tumbo apelekwe kwa mganga achunguzwe.

Sasa tushike sindano.

Kazi ya kwanza: Pazia la kona

Tulipokwenda kwa yule mama wa chumba kimoja, jambo la kwanza tulilofanya halikuwa kushona. Tulihamisha jiko la mkaa. Lilikuwa hatua mbili kutoka kitanda cha watoto, na siku za mvua lilibaki ndani likiwaka. Moto wa mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo imekwisha ua watu usingizini. Baba wa nyumba alipoelezwa, alijenga banda dogo la mabati barazani kwa siku moja. Mahali jiko lilipotoka ndipo palipopatikana nafasi ya kona.

Vifaa: doti moja ya kanga, uzi, waya wa pazia au ufito ulionyooka, misumari 2 imara.

Kanga moja ina urefu wa kama mita moja na nusu, na kimo cha kama mita moja na kidogo. Ukiitundika moja, haifiki chini. Kwa hiyo osheni kanga zote mbili kwanza ili zirudi na kuchuja rangi. Kisha zitenganisheni, piga pasi, na ziunganisheni moja juu ya nyingine: ukingo wa chini wa kanga ya juu ushonwe na ukingo wa juu wa kanga ya chini. Hapo mtapata pazia la kimo cha kama mita 2 na upana wa mita moja na nusu. Pindeni ukingo wa juu kabisa sentimita 5 kwa ajili ya kupitishia waya.

Mkifanya hivyo, jina la kanga litaonekana mara mbili. La chini litakuwa karibu na sakafu, mbele ya macho ya mtoto aketipo kwenye mkeka. La juu litakuwa usawa wa macho ya kaka au dada aliye darasa la tatu au la nne. Watoto wengi tuliowaona walisoma maneno yao ya kwanza kwenye kanga ya mama.

Kwa sababu hiyo chagueni jina kwa uangalifu. Sote twajua kanga zina midomo. Kanga uliyoinunua kwa ajili ya kumjibu jirani isije ikawa ndiyo kitabu cha kwanza cha mwanao! Tafuteni yenye neno jema, la upendo, shukrani au bidii.

Kazi ya pili: Blanketi la vipande

Vifaa: vipande 88 vya kitenge au kanga, shuka moja kuukuu, uzi, kadibodi kwa kielelezo.

Kateni kadibodi ya mraba wenye sentimita 15 kila upande. Hiyo ndiyo kipimo chenu cha kukatia vipande vyote, ili visipishane. Vipande viwe vya uzito unaofanana. Kitenge kizito kikiunganishwa na kitambaa chepesi, chepesi hupasuka mapema. Osheni vyote kabla ya kukata, hasa vyekundu na vya buluu iliyoiva, visije vikachujia vingine.

Shoneni vipande 8 katika mstari mmoja, mkiacha sentimita moja ya mshono kila upande. Fanyeni mistari 11. Kila kipande kitabaki na sentimita 13, hivyo mistari hiyo ikiunganishwa mtapata upana wa sentimita 104 na urefu wa sentimita 143. Ni kipimo kizuri cha kitanda cha mtoto. Wekeni shuka kuukuu kwa chini, shoneni pande tatu ndani nje, geuzeni, kisha malizieni upande wa nne. Mwishowe pitisheni mshono mmoja hapa na pale ili tabaka mbili zisicheze.

Uzuri wa blanketi hili ni habari zilizomo. Katika blanketi la familia moja tuliyoisaidia mna kipande cha kitenge cha harusi ya mama, cha shati la baba la kazini, cha gauni la bibi aliyefariki, na cha sare ya dada ya darasa la kwanza. Mtoto hulala akitaja, "Hiki cha nani? Na hiki?" Akina mama tuliofiwa twajua thamani ya swali kama hilo.

Angalizo la muuguzi: blanketi la namna hii, mito na wanasesere visilale kitandani pamoja na mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Hawezi kujifunua uso. Mchanga alazwe chali, mahali pasipobonyea, amevalishwa vya kutosha kulingana na baridi. Blanketi mtundikeni ukutani hadi atakapotimiza mwaka.

Kazi ya tatu: Mkanda wa chandarua

Tukiulizwa ni pambo gani muhimu kuliko yote katika kona ya mtoto, jibu letu ni moja: chandarua. Lakini katika nyumba nyingi tunakuta kimeviringishwa kama fundo la nguo chafu juu ya kitanda. Mgeni akija, mama hukitoa kwa haya. Usiku mwingine husahauliwa, na usiku huo mmoja humtosha mbu.

Tumeona pia akina mama wakikikata chandarua ili kipate umbo zuri, au wakikifanya pazia la dirisha. Tafadhali tusifanye hivyo. Badala yake tukipambe kwa mkanda.

Kateni vipande 3 vya kitenge vyenye rangi tofauti, kila kimoja upana wa sentimita 6 na urefu wa sentimita 80. Kunjeni kila kimoja kwa urefu na kushona, kisha visukeni kama nywele za mabutu. Shoneni ncha zote kwa nguvu. Kila mtoto achague rangi zake, na mshonee herufi ya kwanza ya jina lake. Asubuhi mtu mzima au mtoto mkubwa hukikusanya chandarua, hukifunga kwa mkanda na kukiacha kikining'inia kizuri kama pazia la harusi. Jioni mkanda hufunguliwa na kutundikwa msumarini juu, mbali na kitanda, maana ni mrefu kuliko lile sharti letu la kamba.

Tumeona mambo mawili. Chandarua hakionewi haya tena. Na watoto wenyewe hawalali hadi mkanda ufunguliwe.

Kumbukeni: chandarua chenye dawa ya muda mrefu, kikiwa kipya, kianikwe kivulini siku nzima kabla ya kutumiwa. Kifuliwe kwa upole kwa sabuni ya kawaida, bila dawa ya kung'arisha nguo, na kianikwe kivulini, kwa maana jua huipunguza dawa. Kimetengenezwa kustahimili kufuliwa kama mara 20 na kutumika kama miaka 3. Kikitoboka, kishoneni.

Kazi ya nne: Mifuko ya ukutani

Nyumba ndogo hukosa mahali pa kuweka vitu kabla ya kukosa uzuri. Chukueni suruali mbili za jinzi zilizochakaa magotini. Kateni mifuko yake ya nyuma pamoja na kitambaa kinachoizunguka. Ishoneni juu ya kitambaa kigumu cha kaki chenye upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 80, mistari miwili, kila mtoto na mfuko wake. Juu pitisheni ufito, tundikeni kwa misumari miwili.

Ndani huingia daftari, kitana, mswaki uliofunikwa, na kwa walio wadogo, kadi ya kliniki. Kadi hiyo tumeiomba itoke chini ya godoro. Tumekwisha pokea kadi zilizoliwa na panya, na mtoto ambaye hatujui alichanjwa nini. Dawa na sindano za kushonea haziwekwi katika mifuko hii. Vitu hivyo viwe juu, mahali palipofungwa.

Kwa mtoto mchanga yafaa kuongeza picha moja. Macho ya mtoto aliyezaliwa karibuni huona vizuri kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30, yaani karibu sawa na umbali wa uso wa mama anaponyonyesha. Naye huvutiwa zaidi na nyeusi na nyeupe zinazokutana kuliko rangi hafifu. Basi tarizini duara, mistari na uso wa mtu kwa uzi mweusi juu ya kitambaa cheupe, mkimwonyesha akiwa macho na mama yupo. Msikitundike juu ya kichwa chake alalapo.

Kazi ya tano: Kipimo cha urefu

Hii tumeiweka mwisho kwa sababu ndiyo tunayoipenda zaidi.

Vifaa: kitambaa cha kaki au shuka zito chenye upana wa sentimita 19 na urefu wa sentimita 110, futi ya fundi, uzi wa kutarizia wa rangi mbili.

Pindeni sentimita 2 kila upande na sentimita 5 juu na chini, mbaki na mkanda wa sentimita 15 kwa 100. Tarizini mstari mfupi kila sentimita moja, na mrefu kila sentimita 5. Mstari wa chini kabisa andikeni 60, na wa juu kabisa 160. Pembeni tarizini twiga, mgomba au mnazi unaopanda juu. Tundikeni ukutani ili alama ya 60 iwe sentimita 60 kamili kutoka sakafuni. Pimeni kwa futi, msikadirie, na kigongomeeni juu na chini kisiteleze.

Mtoto apimwe akiwa ametimiza miaka 2 na kuendelea. Avue viatu, na nywele zilizofungwa zifunguliwe. Visigino, makalio na mabega viguse ukuta, macho yatazame mbele. Wekeni kitabu bapa juu ya kichwa, kikigusa ukuta. Kinapogusa mkanda, shoneni mshono mmoja wa rangi ya mtoto huyo na mwezi wake. Pimeni kila baada ya miezi 6, kwa mfano siku ya kuzaliwa kwake na katikati ya mwaka wake.

Mtoto anapozaliwa huwa na urefu wa kama sentimita 50. Akitimiza mwaka hufikia kama 75. Kati ya miaka 2 na 5, mtoto anayekua vyema huongeza kama sentimita 7 kila mwaka. Watoto hupishana, na aliyezaliwa na wazazi wafupi hatakuwa kama wa jirani. Msiwalinganishe. Linganisheni mshono wake wa leo na mshono wake wa jana.

Kwa nini tunakazia hivyo? Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliona kuwa kati ya watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka 5, 30 wamedumaa. Kudumaa hakupigi kelele kama homa. Mtoto hucheza, hucheka, hula ugali wake, na mama aliye naye kila siku haoni chochote.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa yule mama wa chumba kimoja. Kipimo tulikishona pamoja, akakitundika nyuma ya pazia la kanga. Mtoto wake wa kati alikuwa na miaka 3. Miezi sita baadaye alikuja Jumatano kabla ya wenzake, akaketi. "Mshono wa pili," alisema, "sina pa kuushona. Umeangukia juu ya ule wa kwanza."

Tulikwenda naye tukapima tena kwa utaratibu. Ilikuwa kweli. Kesho yake alimpeleka kliniki. Mtoto alipatikana na minyoo, na katika mazungumzo ikaonekana pia kuwa kwa miezi mingi alikuwa akila chai na andazi asubuhi na ugali wenye mchuzi jioni, kwa sababu vipande vya mboga na dagaa huwahiwa na kaka yake. Alipewa dawa. Mama alishauriwa kumtengea sahani yake mwenyewe, kumwongezea maharage, dagaa, yai inapowezekana, mchicha na tunda, na kumrudisha kila mwezi. Mwaka mmoja baadaye mshono wake ulikuwa umepanda sentimita 6. Hatusemi kwamba kitambaa kilimponya. Tunasema kilimfanya mama aone mapema.

Neno juu ya kuta na rangi

Wengi hupenda kupaka ukuta wa kona rangi nyingine. Ni vizuri, ila kwa tahadhari. Rangi nyingi za mafuta, hasa za zamani, zilitiwa madini ya risasi, ambayo huharibu ubongo wa mtoto. Wataalamu wa afya wanasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Chagueni rangi ya maji, au kopo lililoandikwa kuwa halina risasi. Rangi kuukuu inayobanduka msiikwangue ikiwa kavu watoto wakiwapo. Ilowesheni, fagieni kwa kitambaa kibichi, na watoto walale kwingine hadi harufu iishe.

Chokaa ni nafuu na hung'arisha chumba, lakini huunguza. Mpakaji avae kitu cha kulinda macho. Ikiingia jichoni, osheni kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha nendeni hospitali.

Watoto washiriki

Mtoto wa miaka 4 aweza kuchagua rangi na kupanga vipande sakafuni. Wa miaka 7 aweza kushona mshono wa kupitisha kwa sindano butu, mama akiwa karibu. Wavulana nao washone. Baba naye ana kazi ya misumari, na tumeona akina baba wakiipenda kuliko walivyotazamia. Mshono wa mtoto ukipinda, tusiufumue akiwa anatazama. Aliyeshona pazia halifutii mikono.

Wapenzi wasomaji, Biblia inatueleza habari za Hana, ambaye mwanawe Samweli aliishi mbali naye hekaluni. Kila mwaka alimshonea kanzu ndogo na kumpelekea. Sisi tunaoshona tumewahi kujiuliza alipimaje, mtoto akiwa hayupo. Bila shaka alikadiria: mwaka huu amefika hapa kifuani pangu. Wengi wetu tuna watoto wetu nyumbani, na twaweza kuwapima kila tutakapo.

Yule mama bado anapanga chumba kilekile. Mara ya mwisho tulipomtembelea hatukuketi barazani. Mtoto wake wa kwanza alitutangulia, akalisogeza pazia la mlango na kusema, "Karibuni ndani, mwone mshono wangu."

Wiki hii tafuteni kibomba cha karatasi na mpitie vichezeo vyote vilivyomo nyumbani. Halafu kusanyeni vipande vya kitenge, mwanze na mkanda wa chandarua. Jioni moja yatosha kuumaliza.